Fasili na Sentensi ya Mfano: Msamiati wa Juu wa Kiingereza na Mwanafunzi wa Mwambao wa Kisumu

UTANGULIZI

Miongoni mwa vitu anavyovithamini mwanafunzi wa sekondari katika mji wa Kisumu na katika shule za mwambao wa ziwa, kuanzia Port Victoria kaskazini hadi Muhuru kusini, ni daftari la msamiati. Daftari hilo halimo katika orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa, wala halina mtungaji. Ukurasa wake hupigwa mistari miwili ya kuugawa mara tatu: kushoto neno gumu la Kiingereza, katikati fasili yake kwa Kiingereza, na kulia sentensi ya mfano iliyonakiliwa kutoka kamusini. Mwenye daftari hulisoma kama mwana wa chuoni ahifadhivyo juzuu, kwa kurudiarudia na kwa sauti, mpaka fasili na sentensi zikaganda moyoni.

Juhudi hiyo ni ya kusifiwa, na matunda yake si haba. Hata hivyo walimu wanaosahihisha insha wanalifahamu tatizo lake. Mwanafunzi akiulizwa maana ya neno huitaja bila kusita. Akitakiwa alitumie, hurejesha sentensi ile ile ya kamusi, au hulipachika neno katika insha mahali ambapo halina kazi ila kung'aa. Neno amelipata, lakini hana la kusema kwalo.

Makala haya yanakusudia kuichunguza mbinu hii ya fasili na mfano, si kwa nia ya kuitupa, bali kwa nia ya kuonyesha ilipo nguvu yake na inapolegea. Hoja inayotetewa ni kwamba fasili humwonyesha mwanafunzi mahali neno linaposimama miongoni mwa maneno mengine, lakini sentensi ya mfano ndiyo inayompa mahali pa kusimama yeye mwenyewe. Na mahali hapo, kwa jinsi kamusi zilivyo, si kando ya ziwa lake. Itaonyeshwa pia kwamba kosa hilo si la Kiingereza peke yake. Kiswahili, kama kinavyofundishwa Kisumu, kina sehemu yake katika kosa, na kina sehemu yake katika dawa.

ASILI YA MBINU

Mbinu ya kumfundisha mgeni msamiati wa Kiingereza kwa Kiingereza chenyewe haikukulia Uingereza. Michael West, aliyekuwa mwalimu huko Bengal, alitoa mwaka 1935, pamoja na J. G. Endicott, kamusi iliyoeleza maneno na semi zipatazo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. A. S. Hornby naye alifanya kazi Japani. Kamusi aliyoitunga na wenziwe wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, ilichapishwa kwanza Tokyo mwaka 1942, ikatolewa na Oxford mwaka 1948, na baadaye ikapewa jina la kamusi ya mwanafunzi wa ngazi ya juu, jina ambalo walimu wa Afrika Mashariki wamelizoea. Mwaka 1978 Longman wakatoa kamusi yao yenye maneno ya kufasilia yapatayo 2,000. Mwaka 1987 John Sinclair na wenzake wa Birmingham wakatoa COBUILD, ambayo fasili zake ni sentensi kamili, na mifano yake imetolewa katika maandishi na mazungumzo yaliyokwisha kutumika, si kutungwa mezani.

Katika historia hiyo fupi yamo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza ni kwamba uchache wa maneno ya kufasilia ulikuwa hatua kubwa ya mbele. Ulimwokoa mwanafunzi katika mzunguko wa kamusi za zamani, ambamo neno gumu humtuma mtu kwa neno gumu zaidi. La pili ni kwamba mjadala juu ya mifano uligawa watunga kamusi pande mbili. Upande mmoja walisema mfano utungwe, ili uwe mfupi na uonyeshe sarufi ya neno pasipo vikwazo. Upande wa pili walisema mfano ukusanywe, kwa sababu sentensi iliyotungwa na mwalimu haina damu, wala hakuna mtu aliyepata kuisema. Kila upande una haki yake. Lakini pande zote mbili zilisahau swali la tatu: mfano huo ni wa kweli kwa nani? Sentensi iliyookotwa katika gazeti la Uingereza ni ya kweli bila shaka, ila ukweli wake unakaa huko ilikookotwa.

Swali hili lina uzito zaidi katika msamiati wa juu kuliko katika msamiati wa mwanzo. Neno kama "cup" mwalimu huliinua mezani na kazi ikaisha. Neno la dhana haliinuliwi mezani. Fasili yake hufanywa kwa dhana nyingine, na kitu pekee anachoweza mwanafunzi kukishika kwa mkono ni ile sentensi ya mfano: mtu fulani, mahali fulani, akitenda jambo fulani. Ikiwa mtu huyo, mahali pale na jambo lile ni vigeni vyote vitatu, mwanafunzi amefumbuliwa fumbo kwa fumbo.

Nchini Kenya mbinu hii ilikuta njia imelimwa. Mpango mpya wa kufundisha madarasa ya chini kwa Kiingereza ulianza Nairobi mwaka 1957 katika shule za watoto wa Kiasia, kisha ukaenea. Tume ya elimu ya mwaka 1964, iliyoongozwa na Simeon Ominde, ambaye mwenyewe ni mtu wa Nyanza, iliafiki Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Tume hiyo haikuzifukuza lugha za nyumbani kabisa. Iliziachia, miongoni mwa mengine, kipindi cha hadithi cha kila siku. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirudisha lugha ya eneo la shule katika madarasa ya chini, na mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ukakifanya Kiswahili somo la lazima na la kutahiniwa. Mkondo wenyewe haukubadilika: mwanafunzi wa Kisumu anapofika sekondari, Kiingereza hufasiliwa kwa Kiingereza, na Kidholuo na Kiswahili alivyo navyo hungoja nje ya mlango.

MANENO MATATU YA MAJINI

Ili hoja isibaki hewani, yafaa yachukuliwe maneno matatu ambayo mtu angetazamia mwanafunzi wa kando ya ziwa ayamudu kuliko wenzake wa bara.

La kwanza ni "beach". Fasili ya kawaida husema ni eneo la mchanga au kokoto kando ya bahari au ziwa. Fasili hiyo haina kosa. Kosa huja na mfano, ambao aghalabu huwa na watu waliokwenda likizo, wamelala juani, na watoto wanaojenga nyumba za mchanga. Sasa mwanafunzi wa Dunga analo neno hilo hilo tangu utotoni, na kwake "beach" si mahali pa kulala. Ni mahali mashua zinapotia nanga alfajiri, samaki wanapopimwa, bei inapopigwa, nyavu zinaposhonwa na deni linapolipwa. Ina chama chake, ambacho watu wote hukiita kwa herufi zake tatu, BMU, na ambacho kanuni za uvuvi za mwaka 2007 zilikipa mamlaka ya kusimamia kila ufuo. Ng'ambo ya kusini, watu wa Mwanza na Musoma huuita mahali pa namna hiyo mwalo. Ni kweli kwamba siku hizi Dunga hupokea pia watalii na watu wa mjini wanaokuja kula samaki na kupunga upepo. Hao, hata hivyo, ni wageni wa ufuo, wala si wenyeji wake. Basi mwanafunzi anaposoma kamusini hupata neno lake mwenyewe likiwa limevuliwa kazi yote na kuvishwa nguo za likizo. Hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama hudhani neno la kwao ni kosa la washamba, ama huweka maneno mawili kichwani, moja la mtihani na moja la maisha, ambayo hayakutani kamwe.

La pili ni "perch". Samaki ambaye Mwingereza humwita hivyo ni mdogo, mwenye uzito wa kilo chache akikua sana. Samaki ambaye neno hilo humtaja Kisumu ni mbuta, yule ambaye Watanzania humwita sangara. Mbuta aliingizwa katika ziwa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, na aweza kufikia kilo 200. Amekula jamii nyingi za fulu mpaka zikatoweka. Amejenga viwanda vya kuchuna minofu. Minofu husafirishwa ng'ambo, na mifupa iliyobaki na kichwa huuzwa mjini kwa jina ambalo halihitaji kufasiliwa: mgongo wazi. Katika jina hilo la maneno mawili mna elimu ya uchumi ya kutosha darasa zima. Fasili ya kamusi ikisema tu kwamba "perch" ni samaki wa maji yasiyo chumvi, imesema kweli. Lakini mwanafunzi aliyeletewa mfano wa mzee akivua kwa ndoana kando ya kijito hawezi kujua kwamba anaambiwa habari za jina la yule aliyebadilisha ziwa lake.

La tatu ni "tide", na hili ni la namna nyingine. Kiingereza kimejaa semi za maji kujaa na kupwa: mambo hugeuka kama maji, mtu huogelea kinyume cha mkondo wake, fursa huja na maji na kwenda nayo. Ziwa la Kisumu, lililo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, halina kupwa na kujaa kwa jicho la mtu. Maji yake hupanda na kushuka kwa miaka, si kwa saa: yalipanda mno kati ya mwaka 1961 na 1964, na mwaka 2020 yakapanda tena yakaingia majumbani mwa watu. Mtu wa ziwani anajua maji yanayokuja na kukaa. Ukimwambia kwamba mambo yatageuka kama maji, bila kumweleza bahari, atakuelewa kinyume: kwamba msiba umekuja na hauondoki leo wala kesho. Hapa mfano wa kigeni hauwezi kuepukwa, kwa kuwa neno lenyewe ni la kigeni kwa mahali pale. Kinachohitajika ni mwalimu aonyeshe wazi tofauti ya maji mawili, badala ya kuiacha sentensi ipite kana kwamba maji yote ni mamoja.

KISWAHILI NACHO

Wataalamu wa Kiswahili wakisoma haya wasikimbilie kucheka. Kupwa na kujaa ni vya Kiswahili pia. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja kwa uamuzi wa mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikakisimamia. Hapana budi kingekuwa na bahari ndani yake: kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, ngalawa na jahazi. Hiyo ni mali, wala si aibu. Ila mtoto wa Kisumu, ambaye upepo wake hutoka nchi kavu usiku kuwapeleka wavuvi na hutoka ziwani mchana kuwarudisha, huambiwa kwa lugha mbili mfululizo kwamba upepo wa kweli uko mahali pengine.

Kamusi za Kiswahili nazo zina deni. Frederick Johnson alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935, mwaka ule ule wa kamusi ya West. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ilifuata mwaka 1981. Salim K. Bakhressa, katika kamusi yake ya mwaka 1992, alitia maana na matumizi katika jina lenyewe la kitabu, na hivyo akatangaza kwamba maana bila matumizi ni nusu ya kazi. Maendeleo hayo ni makubwa. Hata hivyo kila mtumiaji wa kamusi zetu anaufahamu ule mkato wa kusema tu kwamba kitu ni aina ya samaki, au aina ya mti, au aina ya ndege, kisha basi. Fasili ya namna hiyo haimwambii mtu wa Unguja samaki wa ziwani yukoje, wala haimwambii mtu wa ziwani samaki wa Unguja yukoje. Humwambia kila mmoja kwamba samaki wa mwenzake si kitu cha kujulikana.

Kosa kubwa zaidi limo katika insha. Ugonjwa ule wa daftari la Kiingereza umehamia katika Kiswahili na umepata nguvu mpya. Wanafunzi hufundishwa mafungu ya maneno ya kupamba: kutembea ni kuchapua milundi, kwenda ni guu mosi guu pili, na jua halichomozi bila kupigiwa msururu wa tashbihi. Maneno hayo yana heshima yake katika lugha. Lakini yamefanywa sare: insha ya harusi, ya ajali na ya mafuriko zote huanza kwa mapambazuko yale yale. Mwanafunzi aliyeona maji ya mwaka 2020 yakiingia jikoni mwa mama yake huandika juu ya mafuriko kwa sentensi ambazo zingeweza kuandikwa na mtu asiyepata kuona maji. Mhakiki wa fasihi hawezi kuliita hilo ufundi wa lugha. Ni lugha ikimzuia mtu kusema.

NG'AMBO YA ZIWA

Lakini Kiswahili kimewahi pia kuonyesha jinsi neno la juu linavyoweza kufundishwa vema, na hayo yalitendeka katika mwambao wa ziwa lile lile. Kati ya mwaka 1968 na 1972 Mwanza ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima ulioungwa mkono na UNESCO, katika mikoa ya Tanzania iliyo kando ya ziwa. Vitabu vyake vya kusomea viliandikwa kwa kufuata kazi za wasomaji: pamba, ufugaji, uvuvi, na kadhalika. Mtu hakujifunza kusoma kwa sentensi juu ya mtu asiyemjua. Alijifunza kwa sentensi juu ya kazi aliyoiacha asubuhi.

Katika miaka hiyo hiyo, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, nchi nzima ilijifunza neno la juu kabisa la elimu ya siasa: unyonyaji. Neno hilo lingeweza kuletwa kwa fasili kavu juu ya mtaji na jasho. Liliingia kwa picha: kupe katika ng'ombe, mirija ya kukatwa. Kila mkulima na mfugaji aliijua kazi ya kupe kabla ya kuambiwa kwamba kuna watu wafananao naye. Mtu aweza kuwa na maoni yake juu ya siasa ile na matokeo yake. Juu ya ufundishaji wa msamiati hapana ubishi. Dhana ngumu ilipewa sentensi ya mfano ambayo msikilizaji angeweza kuithibitisha zizini mwake.

Linganisha sasa neno la Kiingereza "exploit" linavyomfikia msichana wa kidato cha tatu katika mwambao wa Kenya. Fasili humwambia kwamba ni kumtumia mtu isivyo haki kwa faida yako. Mfano humwonyesha mwajiri na wafanyakazi wa kiwanda cha mbali. Huyahifadhi. Wakati huo huo, katika ufuo wa kwao, analijua neno jaboya. Neno hilo limeundwa kwa kiambishi cha Kidholuo na boya la Kiswahili, na latumika kwa mapatano ambayo mvuvi humpa mwanamke mchuuzi samaki kwa sharti la kulala naye, juu ya bei anayolipa. Watafiti wa afya wameyaandika mapatano hayo tangu miaka ya 2000 kwa sababu ya uhusiano wake na ukimwi. Mwaka 2011 wanawake wa ufuo wa Nduru walianza kuyavunja kwa kupata mashua zao wenyewe na kuwaajiri wanaume wavue. Jina walilojulikana nalo ni la Kiingereza, "No Sex for Fish", maneno manne ambayo hakuna hata moja la daftari la msamiati.

Mfano huu una mafunzo mawili, na yote mawili ni ya lazima. La kwanza ni kwamba dhana ilikuwapo ufuoni kabla ya neno la kamusi, na wanawake wale hawakungoja msamiati wa juu ili kuupinga udhalimu. La pili ni kwamba neno la juu lina kazi ambayo neno la nyumbani haliwezi kuifanya peke yake. Jaboya hutaja jambo moja la mahali pamoja. Msichana atakapoweza kuandika kwamba jaboya ni "exploitation", atakuwa ameliweka jambo la Nduru safu moja na mambo ya mashambani, ya migodini na ya viwandani duniani kote, na atakuwa na haki ya kudai kwamba lihukumiwe kwa sheria ile ile. Hapo neno limempa uwezo. Lakini sentensi hiyo, ambayo ndiyo mfano ulio bora kwake, haimo katika safu ya kulia ya daftari lake, na hapana aliyemwambia kwamba anaruhusiwa kuiandika.

HADITHI KAMA MFANO

Fasihi imekwisha kuifanya kazi hii kwa miaka mingi. Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930 na kufariki mwaka 2015, alisoma hadithi yake "A Year of Sacrifice" katika mkutano wa waandishi huko Makerere mwaka 1962. Ilichapishwa katika jarida la Black Orpheus mwaka 1963, na katika mkusanyo wake Land Without Thunder wa mwaka 1968 ikawa na jina "The Rain Came". Ni hadithi ya ukame, na ya Oganda, binti wa mtawala Labong'o, anayepaswa kutolewa kwa dubwana la ziwani ili mvua inyeshe.

Mtu akiitazama hadithi hiyo kwa jicho la mtunga kamusi, ataona kwamba nzima ni sentensi moja ndefu ya mfano wa neno "sacrifice". Kamusi husema kwamba neno hilo ni kutoa kitu cha thamani kwa ajili ya jambo lililo kubwa zaidi. Hadithi huuliza swali ambalo fasili imelifunika: nani anayetoa, na nani anayetolewa? Baba anatoa, watu wanafurahi kwa kuwa wataokoka, msichana, aliyedhani wazee wanazungumza habari za kuposwa kwake, ndiye anayekwenda ziwani peke yake. Neno moja la Kiingereza limewabeba wote. Kiswahili hugawa: kafara na dhabihu humtaja atolewaye, na kujitoa mhanga hutaja mtu aliyechagua mwenyewe. Mwalimu wa Kisumu akiliuliza darasa ni neno lipi kati ya hayo linalomfaa Oganda, na lipi linalomfaa Osinda, mpenzi wake anayekuja kumwokoa, atakuwa amefundisha neno la Kiingereza kwa undani ambao safu tatu za daftari haziwezi kuufikia, na atakuwa amefundisha Kiswahili kwa wakati huo huo.

Mabadiliko ya jina la hadithi nayo yafaa yaangaliwe. Neno gumu liliondolewa katika jina, na mahali pake pakawekwa tukio ambalo mtoto yeyote anaweza kulisema: mvua ilikuja. Dhana haikupotea, imehamia ndani ya hadithi, ambamo msomaji huifikia kwa miguu yake mwenyewe. Kipindi cha hadithi ambacho Tume ya Ominde ilikiachia lugha za nyumbani hakikuwa, kwa maana hii, kitulizo cha wazee. Kingeweza kuwa mzizi wa msamiati wa lugha zote tatu.

PINGAMIZI

Pingamizi la kwanza litakalotolewa ni kwamba mtoto hapelekwi shule ajifunze habari za mbuta, ambazo anazijua. Kiingereza ni mlango wa kutokea. Kumfungia mwanafunzi katika mifano ya ufuoni ni kumnyima dunia. Pingamizi hili lina ukweli, na lingekuwa zito kama makala haya yangetaka mifano ya kigeni ifutwe. Hayataki hivyo. Yanataka utaratibu. Neno lishike kwanza mahali ambapo mwanafunzi anaweza kulijaribu, kisha lisafiri. Aliyekwisha kuandika sentensi ya kweli kwa "exploit" ufuoni atauelewa mfano wa kiwanda cha Manchester. Aliyeanzia Manchester huenda asirudi.

Pingamizi la pili ni kwamba jambo hili limekwisha kutendwa: vitabu vya Kenya vina Otieno na Achieng, si John na Mary. Hapa hapana budi isemwe waziwazi kwamba kubadilisha majina si kubadilisha mifano. Otieno akienda "beach" likizo kulala juani, bado ni John aliyeazima jina. Mfano ni wa mahali kwa sababu ya jambo linalotendeka ndani yake na kwa sababu ya uhusiano wa watu wake.

Pingamizi la tatu ni la walimu, na ndilo la kuheshimiwa kuliko yote: madarasa ni makubwa, mtihani u karibu, na hakuna awezaye kusahihisha sentensi mpya za kila mwanafunzi kwa kila neno. Jibu si kumwongezea mwalimu mzigo. Daftari lipigwe mstari wa tatu, na katika safu ya nne mwanafunzi aandike sentensi yake mwenyewe, kwa masharti mawili: iwe sahihi kwa sarufi, na iwe ya kweli. Sharti la kwanza lahitaji mwalimu. La pili darasa zima laweza kulihukumu, kwa kuwa kila mtoto wa Kisumu anajua kama jambo lililosemwa juu ya soko la Kibuye au ufuo wa Dunga ni kweli au uongo. Sentensi ya kupamba haitapita mtihani huo, hata sarufi yake ingekuwa safi namna gani.

HITIMISHO

Imeonyeshwa kwamba mbinu ya fasili na mfano ilibuniwa kwa hekima, na kwamba fasili zake zimeendelea kuboreka tangu siku za West. Udhaifu wake umo katika mfano, ambao hubeba ulimwengu mzima bila kutangaza kwamba umeubeba. Kwa mwanafunzi wa mwambao wa Kisumu, udhaifu huo huligeuza neno la kufikiria kuwa neno la kujipamba, na Kiswahili cha insha kimefuata njia hiyo hiyo.

Kazi inayowangoja wataalamu wa Kiswahili ni kubwa kuliko kulaumu kamusi za wengine. Kamusi zijazo za Kiswahili zifikishe masikio yake ziwani: ziwe na mwalo, mbuta, fulu na mgongo wazi, si kama vioja vya lahaja bali kama maneno yenye fasili kamili na sentensi zilizosikika kwa watu wanaoishi kwayo. Walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza katika shule moja, ambao leo hukutana chumba cha walimu tu, waweza kushirikiana juu ya neno moja kwa wiki na kulifuata katika lugha zote tatu za wanafunzi wao. Kidholuo huuita ukingo wa ziwa dho nam, mdomo wa ziwa, na neno lile lile dho ndilo lililo mwanzo wa jina la lugha yenyewe. Wanafunzi wa mwambao huo hawakosi midomo wala mambo ya kusema. Wanachokosa ni ruhusa ya kuyasema kwa maneno makubwa wanayofundishwa, na ruhusa hiyo iko mikononi mwa walimu wao.